Nilinunua Nyumba Ikiwa na Mtu Ndani

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni, funguo za nyumba yangu mwenyewe mkononi, nacheka peke yangu kama mwehu. Kwa aliyeikosa sehemu ile nitaifupisha, maana aibu haina haja ya kurefushwa.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, mama wa binti mmoja. Binti huyo tangu ajue kusema hajanyamaza, ndiyo sababu ukoo mzima unamwita Chiriku. Nilimwacha kwa kaka yangu nikaja huku kupunguza suruali za watu na kubadilisha zipu katika duka la dobi.

Sheria ya huku inasema mgeni akinunua nyumba yenye thamani fulani anapewa kibali cha ukaazi. Mimi na kaka tukauza nyumba aliyotuachia marehemu baba. Pesa zile zikatufikisha nusu ya safari tu.

Ndipo nikakutana na Dalali.

"Wapo wazee," aliniambia, "wanauza nyumba kwa nusu bei huku bado wanaishi humo. Hati inakuwa yako. Mzee anabaki na chumba chake mpaka siku yake ifike. Serikali inatazama thamani ya nyumba, haikuulizi umelipa ngapi."

"Na siku yake ikichelewa?"

"Ya huyu niliyekupatia haichelewi, Mama Chiriku. Anachungulia kaburi."

Nikatia sahihi, kibali nikapata. Hapo ndipo tulipoishia. Leo nawaeleza nilivyojivurugia mwenyewe, kwa mikono yangu hii hii.

Mwenye nyumba nilimwita Bibi. Alikuwa ameuza tiketi stesheni maisha yake yote, na kazi ile haikumtoka mwilini. Akikupa chochote, hata kijiko, anakuambia "safari njema." Hakuwa na mume wala mtoto. Siku niliyohamia nilimkuta amejifunika blanketi, anakula mkate mkavu kwa maji, anakohoa mpaka vikombe vya kabatini vinagongana.

Dalali alikuwa amesema kweli. Yule hakuwa mtu wa kumaliza mwaka.

Lakini mimi nina ugonjwa niliorithi kwa mama yangu: siwezi kula huku mtu mzima anausikiliza mlio wa kijiko changu kutoka chumba cha pili. Tonge linakwama. Nilijaribu siku ya kwanza, nikashindwa. Siku ya pili nikagonga mlango wake na bakuli la supu.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Asubuhi nachemsha chai, dawa yake ya presha naiweka kando ya kikombe, maana mwenyewe alikuwa akiisahau. Jioni supu, mboga, samaki akipatikana. Siku za mapumziko namchana nywele na kumkanda miguu. Kikohozi kikaondoka. Mashavu yakajaa.

Chiriku alipopiga simu hakukosa kumwamkia, "Shikamoo Bibi!" Nikamfundisha Bibi kuitikia. Likawa neno lake pekee la kwetu, na alilitumia bila huruma. Nikiingia tu, sijafungua hata kinywa, nasikia kutoka jikoni: "Marahaba!"

Nilimpenda. Naliandika hili mapema, kwa sababu mkishasoma yanayofuata hamtaniamini.

Siku moja Dalali akaja kutujulia hali. Aliyemfungulia mlango ni Bibi. Akamkaribisha, kisha akapanda tena juu ya kiti akaendelea kufuta vioo vya dirisha, huku anaimba.

Dalali akanivuta mpaka kwenye ngazi.

"Yule ni nani?"

"Bibi."

"Bibi yupi? Huyu niliyekuuzia mimi?"

"Ndiye."

"Umemfanya nini?"

"Nimempikia."

Akajishika kichwa. "Nani alikutuma?"

"Sasa nile peke yangu, mtu mzima anatafuna mkate mkavu?"

"Ndiyo! Hiyo ndiyo biashara yenyewe!" Akashusha sauti. "Mama Chiriku, kufa kufaana. Wewe umekwenda kumfufua. Kwa hali hii atakuzika wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Binti yako anatimiza kumi na minane lini?"

"Mwezi ujao."

"Na sheria unaijua?"

Niliijua kuliko sala zangu. Mwenye kibali anaruhusiwa kumleta mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane, mradi mtoto awe na chumba chake mwenyewe, chenye mlango. Mkaguzi anakuja kukiona kwa macho. Akishavuka umri huo si mtoto tena, ni mgeni kama wageni wengine, naye atafute nyumba yake ya kununua.

Nyumba yangu iko ghorofani, ina sebule, jiko na vyumba viwili vya kulala. Kimoja changu. Kingine cha Bibi.

"Kwenye maombi yako ulisemaje?"

"Nilisema chumba kiko tayari."

"Kiko wapi?"

"Nilikuwa nategemea..."

Pale kwenye ngazi ndipo nilipokitambua, kwa mara ya kwanza, kitu nilichokuwa nakitegemea.

Dalali akashuka vipandio viwili vitatu, akageuka. "Mwambie akupishe basi."

"Nitamwambiaje mtu mzima anipishe chumba chake?"

"Huwezi? Basi mwache ale mkate wake."

Jioni ile Chiriku akapiga simu.

"Mama, chumba changu kina dirisha?"

"Kina."

"Linatazama wapi?"

"Barabarani. Ng'ambo kuna duka la viatu."

"Kitanda kiko upande gani?"

Nilikuwa nimekaa sebuleni, natazama mlango wa Bibi. "Kushoto," nikasema. Ndiko kilikokuwa kitanda cha Bibi.

"Mama, nguo zangu nimeshazigawa. Mjomba ananiambia nisiwe na haraka, nikamwambia haraka gani, mama yangu kasema chumba kipo. Nimebaki na begi moja. Hivi nikija utanitambua kweli?"

"Umeanza ujinga wako."

"Si uliniacha nakufika kiunoni? Sasa nimempita hata Mjomba!"

Nikamwambia nina kazi, nikakata simu nikalia. Nikimkosa safari hii, tutabaki watu wa kusalimiana kwa simu mpaka mmoja wetu afe. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, na sioni haya kulisema. Mengine ndiyo nayaonea haya.

Bibi akatoka chumbani kwake.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Bibi."

"Anakuja lini?"

"Siku moja," nikasema. "Mungu akipenda."

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Swali lilikuwa mdomoni, na mwenyewe alikuwa kanifungulia njia. Lakini nilishalelewa hivyo: mtu mzima hata kiti chake hukikalii, sembuse kumwomba kitanda. Nilikuwa na adabu ya kutosha kutomwomba chumba, na sikuwa na adabu ya kutosha kutomwombea kifo.

Sikumfanya kitu. Ndiyo dhambi yenyewe hiyo, sikumfanya kitu.

Niliacha kupika. Nikawa nakula kazini, nyuma ya marundo ya mashati ya watu. Asubuhi natoka mapema, chai sichemshi, na dawa ya presha inabaki kabatini. Dawa ni yake, nikajiambia, na mikono anayo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Nikangoja alalamike. Hasira nilishajiandalia, nangoja aseme neno moja tu niimwage. Hakulalamika.

"Pole na kazi, Fundi," alisema. "Umekonda."

Kisha siku moja nikarudi nikakuta sahani mezani, imefunikwa kwa sahani nyingine. Bibi alikuwa amenipikia. Viazi vimeungua upande mmoja, upande wa pili vibichi. Chumvi ilikuwa ya kushikisha ulimi.

"Safari njema," akasema, akaisogeza mbele yangu.

Nikala yote. Sijawahi kula chakula kibaya vile, na sijawahi kujichukia vile. Mnadhani kesho yake nilimpa dawa yake? Sikumpa. Haya haikunirudisha njiani. Ilinifanya nizidi kumkwepa tu, nisikutane na macho yake.

Ikaja siku ile. Umeme ulikatika dukani, dobi akafunga mapema, nikarudi nyumbani jua bado kali. Nikafungua mlango. Sikusikia "marahaba."

Nilimkuta chumbani kwake, sakafuni kando ya kitanda. Mguu umelala vibaya. Macho kafumba. Anapumua.

Simu ilikuwa mkononi mwangu.

Sikupiga, jamani. Nilisimama. Na fundi akisimama mahali macho yake hupima, hata hayajatumwa. Yangu yakapima kutoka mlangoni mpaka dirishani. Kitanda cha Chiriku kitaenea. Kabati litakaa kwenye ukuta ule. Pazia nitalishona mwenyewe, kitambaa kipo. Nilifika mpaka kwenye rangi ya pazia.

Nimejiuliza mara nyingi nilisimama kwa muda gani. Siku nyingine najiambia ni kidogo tu. Siku nyingine sithubutu kujiambia.

Halafu Bibi akakohoa. Kikohozi kidogo tu, akili ikanirudia. Nikaita gari la wagonjwa, nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Na kilio kile kilikuwa cha kweli. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo: kusimama kulikuwa kwa kweli, na kilio kilikuwa cha kweli, na wote wawili ni mimi.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Presha nayo, daktari alisema, ilikuwa imepanda vibaya. "Alikuwa anameza dawa zake?" akaniuliza. Nikamwambia wazee husahau. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanishukuru kwa kumwangalia.

"Ngazi hatapanda tena," akasema. "Akitoka hapa ataenda nyumba ya wazee."

Dalali alipopata habari hakukawia kunipigia. "Si unaona? Mungu hana papara. Chumba umepata, na mikono yako safi."

Nilikuwa nashona pazia.

Mkaguzi alikuja wiki ile ile. Mtu mpole, alijifuta viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikamwonyesha kitanda kipya, kabati, pazia la njano. Akaufungua mlango wa chumba, akaufunga, akaufungua tena, akaandika.

"Chumba kizuri," akasema.

Nikamshukuru.

"Ila hati ya nyumba inasema ni cha bibi mzee mpaka mwisho wa uhai wake. Lazima anitamkie mwenyewe kwamba amekiacha kwa hiari."

"Yuko hospitali. Alianguka."

Kalamu yake ikasimama. "Alianguka hapa?"

"Hapa hapa."

"Usinielewe vibaya, mama. Mzee aliyeuza nyumba kwa namna hii akiumia, kazi yetu ni kuuliza. Kuna watu huchoka kungoja."

Tukafuatana hospitali siku hiyo hiyo. Njia nzima alikuwa akinisimulia habari za wajukuu zake. Sikumbuki hata neno moja.

Bibi alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, karibu na sinki. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Hakuitikia.

Mkaguzi akatoka kwenda kutafuta kiti. Tukabaki wawili.

"Nilikuwa macho, Fundi," Bibi akasema.

"Wakati gani, Bibi?"

"Pale sakafuni. Nilifumba macho kwa maumivu tu. Nikasikia mlango, nikayafumbua kidogo, nikaona viatu vyako. Nikasema, nimepona, huyu kashafika." Akameza mate. "Kisha viatu havikusogea."

Nikainamia viatu vyangu.

"Nikakuona unatazama ukuta. Unatazama dirisha. Mimi nimekuona ukiwapima majirani nguo pale sebuleni, uso wako huwa ule ule. Nikajua unapima. Sikujua unapima nini. Nikaona ngoja nikohoe, maana nisipokohoa huyu atachelewa."

"Ulikohoa makusudi?"

"Ulitaka niongee? Sauti ilikuwa haitoki."

Nikashika ukingo wa kitanda. Maneno yakatoka yote kwa mpigo, sheria, chumba chenye mlango, miaka kumi na minane, Chiriku na begi lake moja. Nikasema na habari ya dawa. Nikasema na mkate mkavu. Bibi akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya. Mtu mzima haombwi chumba chake."

Macho yake yakajaa maji. Hayakuwa ya hasira. Laiti yangekuwa ya hasira.

"Sebuleni kuna kochi," akasema. "Mimi usingizi wangu wa paka, popote nalala. Mtoto angepata chumba. Na mimi ningepata mtu wa kuniamkia kila asubuhi, ana kwa ana. Ungeuliza tu, Fundi. Kabla hujamaliza kuuliza ningekuwa nimeshabeba mto wangu."

Nikamwelewa polepole, kama mtu anayesoma karatasi ya dawa aliyokwisha kuinywa. Sheria haikumkataza Bibi kulala sebuleni. Ilitaka mtoto apate mlango tu. Nilikuwa nimeuvunja mwili wa mtu kwa kushindwa kumuuliza swali la kuulizwa tukinywa chai.

Mkaguzi akarudi na kiti. Akakaa, akaweka karatasi zake gotini, sauti ikawa ya kiserikali.

"Bibi, chumba chako umekiacha kwa hiari?"

"Nimekiacha."

"Atakaa binti wa huyu mama. Unaridhia?"

"Naridhia. Mtoto hana kosa."

Nikamwona Chiriku anashuka kwenye ndege, mrefu, anaongea na kila aliye karibu naye.

"Swali la mwisho," mkaguzi akasema, "nalo ni lazima. Kabla hujaanguka, au ulipoanguka, je, huyu mama alikutendea jambo lolote, au aliacha kukutendea jambo, ili uondoke?"

Bibi akatazama dari.

"Nikisema ndiyo, inakuwaje?"

"Kibali kinafutwa. Chake na cha mtoto."

"Na nikisema hapana?"

"Nafunga jalada leo. Mtoto anasafiri."

Ningeweza kusali, nikakosa wa kumwomba, maana nilijua alishasikia maombi yangu ya mwanzo.

"Mimi nilikuwa sakafuni," Bibi akasema hatimaye. "Aliyekuwa amesimama ni yeye. Muulize yeye. Atakalosema, nami nitalitia sahihi."

Mkaguzi alinitazama, akamtazama, akanitazama tena. "Hatufanyi hivi kwa kawaida."

"Na mimi si kawaida yangu kuanguka," Bibi akamjibu.

Mkaguzi akageuza kiti upande wangu.

Mkidhani Bibi alikuwa ananisaidia, hamkuwepo. Mkidhani alikuwa ananikomoa, hamkuwepo pia. Alikuwa amelala pale, tayari kuutia sahihi uongo wangu mbele ya macho yangu, na kwenda nao nyumba ya wazee bila kumwambia mtu. Ilibaki niuseme tu. Ungechukua sentensi moja, na nilikuwa nayo tayari mdomoni, imenyooka kama pindo la suruali.

"Haya, mama," mkaguzi akasema. "Siku ile ulimkutaje?"

Nikavuta pumzi.

"Dobi alifunga mapema," nikaanza. "Nikafungua mlango, nikamkuta sakafuni. Simu ilikuwa mkononi mwangu."

Mkaguzi akaandika, kisha akainua kichwa.

"Ukafanya nini?"